Pera la mia mbili, kidonge cha mia tano

Ingia duka lolote kubwa la dawa mjini utakuta rafu nzima ya antioksidanti. Kuna vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, kapsuli za vitamini E zinazong'aa, seleniamu, kamulio la mbegu za zabibu, na unga wa mlonge kwenye kopo lenye kifuniko cha dhahabu. Vyote vinaahidi mambo yaleyale: kusafisha mwili, kuchelewesha uzee, kukinga saratani. Ukivuka barabara, genge lina mapera, mapapai, karoti na mafungu ya mchicha, na hakuna bango lolote. Makala hii ni ya mtu ambaye fedha yake inatosha upande mmoja tu. Naona karibu kila mtu afadhali anunue gengeni. Lakini msimamo huo haufai kukubaliwa bila hesabu, kwa sababu ipo hesabu moja ambayo kidonge kinashinda, na hiyo ndiyo wauzaji wanayoipenda.

Tuanze na vitamini C, maana hupimika kirahisi. Kwa kipimo cha Marekani, mwanamke mtu mzima anahitaji miligramu 75 kwa siku na mwanamume 90. Mvutaji wa sigara anaambiwa aongeze 35, kwa kuwa moshi huimaliza haraka. Gramu 100 za pera zina takribani miligramu 228. Papai lina kama 60 kwa uzito huohuo, chungwa 53, embe 36, nyanya 14.

Sasa tuweke bei za mfano. Wewe weka za mtaani kwako. Tuseme pera la gramu 100 ni shilingi 200, na mrija wa vidonge 20 vya miligramu 1,000 ni shilingi 10,000. Kidonge kimoja kimekuwa shilingi 500. Ukigawa kwa miligramu, kidonge kinashinda: kila shilingi inakupa miligramu mbili, wakati pera linakupa moja na kidogo. Muuzaji akikwambia kidonge chake ni sawa na machungwa kumi na manne, hakudanganyi.

Tatizo ni kwamba mwili haununui kwa jumla. Kwa dozi ndogo za kawaida, utumbo hufyonza asilimia 70 hadi 90 ya vitamini C. Dozi ikizidi miligramu 1,000, hufyonza chini ya nusu, na sehemu kubwa ya hicho kilichofyonzwa figo hukitoa kwenye mkojo. Kiwango kwenye damu huwa kimeshafika karibu na kilele chake mtu anapopata miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Kwa hiyo swali la mnunuzi liwe siku moja ya mahitaji inagharimu kiasi gani. Mwanamume akila chini ya nusu ya pera lile, ametumia kama shilingi 80 na mahitaji yake ya siku yametimia. Kidonge kimemgharimu zaidi ya mara sita ya hapo. Na vidonge vya kuyeyusha vinaweza kuwa na sodiamu nyingi, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulisoma kwenye lebo kabla ya kulipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanaume wa Uswidi ulionyesha kwamba waliokuwa wakimeza vidonge vya vitamini C walipata mawe kwenye figo karibu mara mbili ya wenzao.

Msimu wa mapera ukipita, papai linapatikana karibu mwaka mzima, na machungwa ya Muheza yakianza kushuka kwa wingi bei huwa nafuu kiasi kwamba sioni sababu ya mtu mzima mwenye afya kununua vitamini C ya dukani. Asiyeweza kula tunda kwa sababu yoyote, achukue kidonge kidogo cha miligramu 100.

Nyuma ya bei hizi kuna biolojia, na ukiielewa hutahitaji ushauri wa muuzaji. Seli zetu huunguza chakula kwa oksijeni ndani ya mitokondria ili kupata nguvu. Katika kazi hiyo sehemu ndogo ya oksijeni hutoroka ikiwa chembe huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, ambayo huinyang'anya molekuli yoyote iliyo karibu. Inaweza kunyang'anya mafuta ya ukuta wa seli, protini, au hata vinasaba. Chembe hizo zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, tunasema seli zimeingia kwenye msongo wa oksidi. Kitu kinachozizima ndicho kinachoitwa antioksidanti. Moshi wa sigara, miale mikali ya jua na ugonjwa huziongeza.

Mmea una shida kubwa kuliko yetu. Jua la saa sita mchana hulipa jani mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na nguvu ya ziada huishia kwenye oksijeni. Mnyama akiona jua limekuwa kali huenda kivulini. Mchicha hauna pa kwenda. Ndiyo maana jani hujilimbikizia karotini, vitamini C na vitamini E mahali palepale linapopokelea mwanga. Majani ya nje ya kabichi, yale ya kijani yanayobanduliwa na kutupwa gengeni, yana vitu hivyo kwa wingi kuliko meupe ya ndani. Mwombe muuzaji asiyabandue.

Mbuzi hutengeneza vitamini C yake mwenyewe kwenye ini. Sisi hatuwezi, kama wasivyoweza sokwe, nyani na simbilisi, kwa sababu kinasaba kinachohusika kiliharibika kwa mababu wa zamani mno. Hapo tunategemea mimea moja kwa moja. Lakini ulinzi mwingine tunautengeneza wenyewe, na rafu za dukani hazitaji habari hii hata kidogo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima aina moja ya chembe huru na kuigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya cha pili, katalasi, huigeuza hiyo kuwa maji na oksijeni. Umeshakiona kikifanya kazi: nesi akimimina haidrojeni peroksaidi kwenye kidonda, povu jeupe linalofoka ni oksijeni iliyoachiliwa na katalasi ya damu na seli zako. Molekuli moja ya katalasi huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Molekuli moja ya vitamini C huzima chembe moja au mbili, kisha yenyewe inahitaji kufufuliwa.

Vimeng'enya hivi havinunuliki kwa kumeza, maana ni protini, na tumbo huzisaga kama nyama. Unachoweza kununua ni malighafi yake. Kimeng'enya cha McCord na Fridovich kinahitaji shaba na zinki, na kingine cha jamii yake kinachokaa kwenye mitokondria kinahitaji manganizi. Katalasi inahitaji madini ya chuma, na kimeng'enya cha tatu kinahitaji seleniamu. Malighafi hizo ziko kwenye dagaa, maharage, mayai, karanga, nyama na nafaka isiyokobolewa sana. Ningeombwa nitaje antioksidanti ya bei nafuu kuliko zote sokoni, ningetaja kipimo cha dagaa na nusu kilo ya maharage, vitu ambavyo hakuna anayeviuza kwa jina hilo.

Imani ya vidonge haikuanza na wajanja. Mwaka 1956 Denham Harman, mwanasayansi wa Marekani, alipendekeza kwamba uzee wenyewe ni matokeo ya uharibifu wa chembe huru. Wazo lilikuwa zuri, na tafiti nyingi zilionyesha kwamba watu wanaokula matunda na mboga nyingi hupata saratani na magonjwa ya moyo kwa uchache. Hatua iliyofuata ilionekana ya wazi: chukua kile kilichomo kwenye karoti, kiweke kwenye kapsuli, mpe mtu aliye hatarini.

Ufini ilijaribu. Wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavutaji wa sigara, waligawiwa kwa kura: wengine betakarotini miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Marekani ilikuwa ikiendesha jaribio lake la watu zaidi ya 18,000, wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye asbesto, wakipewa betakarotini pamoja na vitamini A. Mwezi wa Januari 1996 lilisimamishwa kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Likaja jaribio la vitamini E na seleniamu kwa wanaume zaidi ya 35,000, kwa matumaini ya kukinga saratani ya tezi dume. Vidonge vilisitishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na kufikia mwaka 2011 ilionekana wazi kwamba waliopewa vitamini E pekee walikuwa na saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipokusanya majaribio 78 yenye watu 296,707 mwaka 2012, hawakuona vidonge hivi vikirefusha maisha, na betakarotini na vitamini E zilionekana kuongeza vifo.

Tafadhali yasome tena matokeo haya kama wewe au mtu wako anavuta sigara. Kapsuli ya betakarotini ni bidhaa ambayo mvutaji hapaswi kuinunua kwa bei yoyote, hata akipewa bure. Karoti hazina tatizo hilo.

Kwa nini kitu kilekile kifae kwenye sahani na kidhuru kwenye kapsuli? Sehemu ya jibu ni kipimo. Kapsuli huleta kemikali moja, nyingi, bila wenzake waliokuwa pamoja kwenye jani, na katika pafu lililojaa moshi betakarotini yenyewe inaweza kuharibika na kugeuka mchokozi. Sehemu nyingine ni kwamba mwili hauzichukii chembe huru kiasi tunachodhani. Seli nyeupe za damu huzitumia kuulia bakteria. Misuli inayofanya mazoezi huzitoa kama taarifa kwamba kazi imeongezeka, kinga iimarishwe. Wanasayansi wa Ujerumani walionyesha mwaka 2009 kwamba vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza miligramu 1,000 za vitamini C na dozi kubwa ya vitamini E walikosa faida ambayo wenzao waliipata, ya mwili kuitikia insulini vizuri zaidi. Anayelipia gimu na vidonge kwa pamoja analipa mara mbili ili kimoja kifute kingine.

Baada ya vidonge kuna unga na majani ya asili, na hapa nina huruma zaidi kwa sababu wengi wanaouza ni wajasiriamali wadogo na bidhaa yenyewe ni chakula halisi. Ubuyu unastahili sifa zake. Gramu 100 za unga wake hutoa vitamini C kati ya miligramu 150 na 300 au hata zaidi, kutegemea mti na namna ulivyohifadhiwa. Nunua mweupe, mkavu, usiopikwa na sukari na rangi nyekundu, maana ule wa pipi umeshapoteza sehemu kubwa kwenye moto na umeongezewa kitu ambacho hukukihitaji. Mlonge ni mboga nzuri sana ikiwa mbichi, yenye protini na karotini. Lile tangazo la kwamba unapita chungwa mara saba kwa vitamini C linahusu majani mabichi. Ukikaushwa na kusagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Kijiko cha unga ndani ya uji hakina madhara, lakini kopo la bei kubwa halishindi fungu la matembele. Rosela ina rangi za anthosianini na tafiti zimeonyesha inashusha shinikizo la damu kidogo, ikinywewa bila kujazwa sukari. Kenya ilitoa mwaka 2011 aina ya chai ya zambarau yenye anthosianini pia, na bei yake iko juu ya chai ya kawaida. Ninywe kwa ladha, ndiyo. Kwa kinga, chai ya kawaida nayo ina polifenoli nyingi, ila usiinywe pamoja na chakula kama una upungufu wa damu, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Lebo ikijisifu kwa alama za ORAC, yaani kipimo cha maabara cha uwezo wa kuzima chembe huru, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya namba hiyo. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya ORAC mwaka 2012, kwa sababu namba za kwenye chupa ya maabara hazisemi kinachotokea mwilini na watengenezaji walikuwa wakizitumia kuuzia bidhaa.

Kuna matumizi mengine yanayostahili fedha kuliko yote hayo, nayo ni mafuta ya kupikia. Kuchacha kwa mafuta ni mashambulizi yaleyale ya oksijeni, yakitokea ndani ya dumu. Angalia mafuta ya muuza chipsi jioni: yameshakuwa meusi, mazito kama yanavutika, yanatoa povu la viputo vidogo lisilokatika na moshi hata moto ukiwa wa wastani. Mafuta hayo yameishiwa vitamini E yake na yamejaa mabaki ya oksidi ambayo yataingia kwenye mwili wako pamoja na viazi. Mafuta ya alizeti ya Singida na Dodoma yana vitamini E nyingi, kama miligramu 40 kwa gramu 100, lakini aina yake ya mafuta ni nyepesi kushambuliwa, hivyo chupa inayong'aa iliyoanikwa juani mbele ya duka ni hasara hata ikiwa ya bei poa. Chukua iliyokaa kivulini, chupa ndogo utakayoimaliza mapema, na usirudie kukaangia mara kwa mara. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini nyingi kuliko karibu chakula chochote tunachokula, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe umeitupa karotini yote uliyoilipia. Yatie mwishoni, au pikia kwa moto mdogo.

Jikoni pia ndiko fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Mchicha ukikatwa kwanza kisha ukaoshwa, vitamini C inaondoka na maji. Osha majani mazima, kata, pika kwa maji kidogo na mfuniko kwa dakika chache. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sumu ya sianidi itoke, vitamini C yake itakwenda, lakini karotini hubaki, na nazi au karanga unazotia ndizo zinazoisaidia kufyonzwa. Nyanya zilizopikwa kwa mafuta hutoa likopeni, antioksidanti yake nyekundu, kirahisi kuliko mbichi.

Mayai yana mtego wake. Wateja hulipa zaidi kwa kiini cha njano iliyokolea wakiamini ni cha kuku wa kienyeji. Rangi hiyo inatoka hasa kwenye luteini na zeaksanthini za majani na mahindi ya njano, na ni antioksidanti za kweli zinazolinda sehemu ya nyuma ya jicho. Lakini mfugaji anaweza kununua rangi na kuichanganya kwenye chakula cha kuku, hivyo kiini cha rangi ya machungwa hakithibitishi kuku alitembea shambani. Kama bei ya yai la kienyeji ni mara mbili, lipa kwa sababu ya ladha au kwa sababu unamjua mfugaji.

Nimeacha kwa makusudi kitu cha bei kubwa kuliko vyote: sindano na dripu za glutathaioni zikichanganywa na vitamini C, zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Glutathaioni ni antioksidanti ambayo kila seli hujitengenezea kutokana na asidi amino tatu zinazopatikana kwenye mayai, samaki na maharage. Mamlaka ya chakula na dawa ya Ufilipino, nchi ambayo biashara hii imeshamiri, imeonya kwamba sindano hizo zinaweza kudhuru ini, figo na mfumo wa neva. Kwetu kuna hatari ya ziada. Katika maeneo ya malaria watu wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Chembe zao nyekundu za damu haziwezi kuifufua glutathaioni haraka, hali ambayo inaelekea kuwapa kinga kidogo dhidi ya malaria kali. Mtu wa aina hiyo akiwekewa vitamini C nyingi kwa mshipa, chembe nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, damu ikashuka ghafla, mkojo ukawa wa rangi ya kola. Wengi hawajui kama wana upungufu huo. Saluni haipimi G6PD.

Wapo wanaopaswa kununua vidonge au kuvipokea. Mzee mwenye ugonjwa wa kuharibika kwa kitovu cha retina uliofikia hatua ya kati anaweza kuandikiwa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki, luteini na zeaksanthini. Majaribio ya Marekani yalionyesha mwaka 2001 kwamba fomula ya kwanza ilipunguza hatari ya kufika hatua mbaya kwa karibu asilimia 25, na tangu mwaka 2013 betakarotini imeondolewa humo kwa ajili ya waliowahi kuvuta sigara. Hiyo ni tiba ya daktari wa macho, si ya kila anayevaa miwani. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kwenye vituo vya afya, bila malipo, kuzuia upofu na vifo vinavyotokana na upungufu. Asikoseshwe kwa sababu umesoma hapa kwamba vidonge havifai.

Na mgonjwa wa saratani aliyepangiwa mionzi asimeze antioksidanti za dukani kimyakimya. Mionzi huua uvimbe kwa kuzalisha chembe huru ndani yake, na dozi kubwa ya vizimaji inaweza kuukinga uvimbe wenyewe. Kama makopo yameshanunuliwa na ndugu kwa nia njema, yabebwe yote kwenye mfuko siku ya kliniki, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road au kokote anakotibiwa, daktari asome lebo moja baada ya nyingine kabla tiba haijaanza.